Sahani Moja, Miili Miwili

(Mazungumzo na mabinti wa bweni moja la chuo, Dar es Salaam, Jumamosi jioni)

Marahaba, marahaba. Kaeni. Mlio nyuma sogeeni mbele, viti vipo na mimi siumi.

Mama Mlezi alinipigia simu akaniomba niongee nanyi kuhusu unene, akanisihi, "Dokta, usiwatishe watoto." Nikamwambia sina cha kuwatishia. Kazi yangu ni bakteria. Miaka 20 na ushee nimeshinda nikichungulia vinyesi vya watu kwenye darubini, na mtu wa kazi hiyo hana ubavu wa kumcheka yeyote. Wakati mmoja nilisafiri na sampuli kwenye boksi la barafu kutoka Mwanza. Konda akataka kulitupa kwenye buti, nikagoma, nikalipakata mapajani. Mama aliyekaa jirani yangu akaniuliza ni sato au sangara. Nikamjibu ni mchanganyiko. Mpaka tunafika Dodoma alikuwa bado ananibembeleza nimuuzie wawili tu wa mboga.

Sasa tuingie kwenye ugomvi mnaoujua nyinyi. Mko wanne chumbani, mnachanga pesa, mnapika sufuria moja, mnakula sahani moja. Muhula unaisha, mmoja kaongeza kilo 6, mwingine sketi zinampwaya. Aliyenenepa anaambiwa anakula kwa siri usiku. Anaapa. Hakuna anayemwamini. Akienda likizo shangazi anamshika mashavu, "Umenawiri mwanangu!" Akirudi mjini akapiga picha akaiweka mtandaoni, watu wanamwita bonge. Kilo ni zilezile, ni nauli tu imebadilika. Na wote mna yule ndugu anayesema, "Mimi hata maji nikinywa nanenepa." Mnamcheka. Leo nataka tumpe nafasi ya kujitetea, halafu tuone kesi yake inasimama mpaka wapi, maana haisimami yote.

Hii chupa hapa mezani ni togwa. Walioikulia Songea au Iringa wanaijua, waliozaliwa Sinza wataonja. Niliipika juzi. Nimepika uji wa mahindi mzito, nikauacha upoe mpaka kidole kikavumilia, nikatia kimea cha ulezi. Ukikoroga unaona kwa macho yako uji unalegea, mwiko uliokuwa unasimama unaanguka. Kimea kimekata wanga vipande vipande. Halafu nikatia kikombe cha togwa ya zamani kiwe mbegu, nikafunika, nikalala. Asubuhi imechachuka. Ngoja niifungue... mmesikia ilivyopiga? Hiyo ni hewa ya wadudu waliokesha wanakula.

Tumboni mwenu kuna mtungi kama huu, unaitwa utumbo mpana. Chakula kinapita tumboni, kinapita utumbo mwembamba, mwili unachukua sukari yake, mafuta yake na protini yake. Kinachobaki, yaani nyuzinyuzi za mboga, maganda ya nafaka na wanga mgumu ulioshindikana, ndicho watu wa lishe wanachokiita makapimlo. Jina baya kweli, utadhani takataka. Yakifika kwenye mtungi yanakuta bakteria, trilioni 38 hivi kwa mtu wa kawaida. Hesabu hiyo ilirekebishwa mwaka 2016. Kabla ya hapo tulikuwa tunafundishwa, na mimi nimewafundisha wengi, kwamba bakteria ni mara 10 ya seli zetu. Si kweli, wanakaribiana, na ukiwaweka wote kwenye mzani hawafiki hata robo kilo. Ila robo kilo hiyo inafanya kazi. Wanachachua makapi na kutoa asidi tatu ndogo. Ya kwanza ni ileile iliyomo kwenye siki ya kachumbari. Ya pili inakwenda kwenye ini. Ya tatu ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo wenyewe, zisipoipata zinadhoofu. Kwa mtu wa kawaida asidi hizo humpa kati ya asilimia 5 na 10 ya nguvu anayoitumia kwa siku. Hiyo ni nguvu kutoka kwenye chakula ambacho wewe mwenyewe ulishindwa kukisaga.

Mmeanza kuona utetezi wa yule ndugu yenu unakotokea, sivyo? Kama mtungi wake unachachua kuliko wako, sahani moja inampa yeye zaidi.

Wa kwanza kuipima hoja hiyo vizuri walikuwa watu wa maabara ya Jeffrey Gordon, Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Missouri. Wana panya wasio na bakteria hata mmoja. Wa kwanza wao walizaliwa kwa upasuaji, na wote wanalelewa ndani ya mapipa ya plastiki yenye hewa iliyochujwa, chakula kimechemshwa mpaka hakuna kilicho hai, anayewahudumia anaingiza mikono kwenye glavu zilizoshonewa ukutani. Mwaka 2004 wakatangaza kuwa panya wa kawaida wana mafuta mwilini asilimia 42 zaidi ya hao wasio na bakteria, ingawa panya wa kawaida wanakula kidogo zaidi, pungufu ya asilimia 29. Wakachukua bakteria wa panya wa kawaida wakawapaka wale watakatifu. Ndani ya wiki mbili mafuta yao yakapanda karibu asilimia 60, huku chakula wakipunguza wenyewe. Nilipoisoma ile nilikuwa bado mwanafunzi, nilitoka maktaba nikatembea mpaka geti bila kukumbuka mkoba.

Lakini panya ni panya. Kilichonifanya niwaletee mada hii nyinyi, mabinti, ni kwamba watu waliofuata kupimwa walikuwa mabinti.

Jimbo hilohilo la Missouri lina orodha ya mapacha wa kike waliokuwa wakifuatiliwa tangu usichana wao. Mwaka 2009 maabara ya Gordon ikachapisha matokeo ya watu 154 kutoka kwenye familia hizo: mapacha wa kike wa miaka 21 mpaka 32, wengine wa kufanana, wengine si wa kufanana, pamoja na mama zao. Wote wakatoa kinyesi. Fikirieni barua mnayopelekewa nyumbani, "Ndugu pacha, tafadhali..." Wakakuta mambo matatu. Watu wa familia moja wanafanana bakteria kuliko watu baki. Mapacha wa kufanana, wenye damu ileile nukta kwa nukta, hawakufanana bakteria zaidi ya mapacha wasiofanana, kwa hiyo nyumba mliyokulia ilionekana na nguvu kuliko damu. Baadaye, mwaka 2014, jozi 416 za mapacha wa Uingereza zilionyesha kuwa damu nayo ina mkono wake kwa baadhi ya bakteria, tena mmojawapo ni wa jamii inayopatikana zaidi kwa watu wembamba. La tatu ndilo la mada yetu. Wale wanene walikuwa na aina chache za bakteria. Mtungi wao ulikuwa kama shamba lililopandwa zao moja.

Hapo mtu mwenye akili anauliza: unene ndio umepunguza bakteria, au bakteria ndio wameleta unene? Swali zuri. Mwaka 2013 wakalijibu kwa njia ambayo hata mimi nisingeithubutu. Wakatafuta mapacha wa kike ambao mmoja ni mnene na mwingine mwembamba. Jozi nne tu. Tumbo la mama moja, pengine chumba kimoja cha utoto, miili miwili. Wakachukua kinyesi cha kila mmoja wakakipandikiza kwa wale panya wasio na bakteria. Chakula cha panya kikawa kilekile kwa wote. Panya aliyepata cha dada mnene akajaza mafuta, aliyepata cha dada mwembamba akabaki hivyo.

Sasa sikilizeni utamu wake. Panya wana tabia ya kula mavi ya wenzao. Msikunje nyuso, sungura pia anakula ya kwake na mnamwita mzuri. Siku tano baada ya kupandikiza, kabla unene haujakolea, wakawafungia panya wa mnene na panya wa mwembamba kizimba kimoja. Wakala mavi ya wenzao. Yule aliyekuwa anaelekea kunenepa akasimama. Bakteria wa mwembamba waliingia tumboni mwake, wakapata nafasi, wakakaa. Bakteria wa mnene hawakuweza kwenda upande wa pili, huko nafasi zilishajaa.

Naona mnatazamana. Najua mnachokifikiria, na jibu ni hapana, nyinyi mnaazimana nguo tu.

Halafu wakarudia kizimba kilekile, safari hii kwa vyakula viwili. Kimoja chenye matunda na mboga nyingi na mafuta kidogo, kingine kinyume chake, vyote vimepimwa kufuata Wamarekani wanavyokula kweli. Kwenye kile cha mboga, bakteria wa mwembamba waliingia na kufanya kazi. Kwenye kile cha mafuta wakashindwa kukaa. Dawa ilikuwepo kizimbani, imo mavini, inalika kila siku, isifanye kitu kwa sababu hakukuwa na cha kuilisha. Ningekuwa na dakika tano tu za kuongea nanyi ningewaambia hilo moja nikashuka.

Kwa sababu dunia haikulisikia. Dunia ilisikia "kinyesi cha mwembamba kinapunguza mwili." Mwaka 2015 ikaongezeka habari ya mama mmoja wa Rhode Island, Marekani, miaka 32. Alikuwa akiharishwa na bakteria mkorofi anayeota pale antibayotiki zinapofagia wenzake, dawa zote zimegoma, ikabidi apandikizwe kinyesi cha mtu mwenye afya. Akamchagua binti yake wa miaka 16, aliyekuwa mnene kidogo. Kuharisha kukapona. Miezi 16 baadaye alikuwa ametoka kilo 62 kufika 77, na alikuwa anajitahidi kula kwa mpango na kufanya mazoezi. Madaktari wake waliandika kwa uangalifu kwamba huenda kulikuwa na sababu nyingine, maana alitibiwa bakteria wa vidonda vya tumbo kipindi hichohicho, na mtu akipona hurudiwa na hamu ya kula. Magazeti hayakuandika huo uangalifu.

Basi wakaja kujaribu kwa watu, kwa vidonge. Kinyesi cha wembamba kimesafishwa, kimegandishwa, kimetiwa kwenye kapsuli. Auckland, New Zealand, walikuwa vijana 87 wa miaka 14 mpaka 18, nusu wakapewa cha kweli, nusu cha uongo. Boston walikuwa watu wazima 22. Matokeo ya wote yalitoka mwaka 2020. Uzito haukushuka. Auckland kulionekana mafuta ya tumboni yamepungua kidogo, hilo silifichi, lakini mzani haukusogea. Na ule usemi mtakaoukuta mtandaoni, kwamba kuna kundi la bakteria wa unene na kundi la bakteria wa wembamba, ukipima uwiano wao unajua hatima yako, uliporudiwa kwa kuunganisha tafiti kumi mwaka 2016 uhusiano ulikuwa dhaifu mno. Mtu akikuuzia kipimo cha kinyesi cha kukuambia utanenepa, mpe pole.

Kwa hiyo yule ndugu wa "hata maji nanenepa" kesi yake ikoje? Maji hayanenepeshi, hilo anashindwa. Kwamba sahani moja inaweza kumpa yeye zaidi ya inavyokupa wewe, hapo ana haki, na wewe uliyemwita mlafi wa usiku unamdai radhi. Ila tofauti hiyo kwa binadamu ni ndogo kuliko ilivyo kwa panya, na haifuti sahani. Chipsi mayai za saa nne usiku, na soda, na juisi ya boksi, hizo hazihitaji bakteria. Zinasagwa karibu zote utumbo mwembamba na kuingia damuni kabla hazijafika kwenye mtungi. Wadudu wa kule chini wanalala njaa huku mwenye nyumba anavimbiwa.

Na wakilala njaa wanakula ukuta. Simaanishi mfano, wapo bakteria ambao wakikosa makapi wanaugeukia ule ute unaofunika utumbo na kuutafuna. Ute ukipungua, vipande vya bakteria vinapenyeza damuni, mwili unaona kama umevamiwa, unakaa katika vita vya chini chini siku nzima. Mwili wa namna hiyo unaanza kuisikia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa taabu, na kutoka hapo kisukari si mbali.

Kuna utafiti wa mwaka 2018 ninaoupenda sana kwa sababu washiriki wake wote walikuwa wanawake. Ni Wahmong na Wakaren, jamii za Asia ya Kusini-mashariki, wengine bado wako Thailand, wengine wamehamia Minnesota. Walikuwa 514. Waliohamia walianza kupoteza bakteria wao ndani ya miezi tu, hasa jamii iitwayo Prevotella yenye ujuzi wa kuchambua nyuzinyuzi za mimea. Kadiri walivyokaa Marekani ndivyo walivyozidi kupoteza, na watoto waliozaliwa kule walikuwa nazo chache zaidi. Waliopoteza zaidi ndio walionenepa zaidi. Jamani, walibadilisha nchi, lakini wangapi hapa mmebadilisha tu kituo cha basi? Umetoka kwenu Mbozi ulikokuwa unakula maharage, viazi vitamu na ugali wa dona, umefika Dar unakula sembe nyeupe kama chokaa, mkate mweupe, tambi. Umehamia Minnesota bila pasipoti.

Sisi wenyewe tunao watu waliowafundisha wazungu jambo hili, na wako hapa nchini, pembeni ya Ziwa Eyasi. Wahadzabe. Jumla yao ni elfu moja na kidogo, na wanaoishi bado kwa kuwinda na kuchimba mizizi hawafiki hata robo ya hao. Vinyesi vyao vimesafiri dunia kuliko mimi. Mwaka 2014 watafiti waliwalinganisha na Waitaliano wa Bologna, wakakuta Wahadzabe wana aina nyingi zaidi za bakteria. Tena wanawake walikuwa na zaidi ya bakteria wa aina fulani inayosaidia kuvunja nyuzinyuzi kuliko wanaume, na sababu iko wazi kwa anayeijua kazi yao: mwanamke ndiye anayechimba mizizi, na anapochimba anakula. Mwaka 2017 wakaja na jambo jingine, kwamba bakteria wao wanabadilika na majira. Masika ya asali na matunda mwitu, kuna jamii zinapotea kabisa usizione kwenye kipimo. Kiangazi kikirudi nazo zinarudi. Kwa hiyo mtungi haufi haraka. Unalala. Mimi hilo linanipa moyo kuliko vidonge vyote vya Boston.

Na tusiwageuze Wahadzabe kuwa malaika. Mtoto wa Kihadzabe anakosa chanjo, anakosa zahanati ya karibu. Sisemi turudi porini kuchimba mizizi. Nasema yule mama akichimba kiazi chenye nyuzi ngumu kinachobidi kutafunwa na kutemwa makapi, anawalisha wengi.

Sasa tupo jikoni kwenu. Nimewaletea unga, pitisheni mikono. Huu ni dona, huu ni sembe. Ushikeni. Dona unakwaruza kidogo, una vidoadoa, una harufu ya punje. Sembe ni poda ya mtoto. Kilichotolewa pale mashineni ni ganda na kiini, wamepewa kuku pumba. Ndiyo maana kuku wa jirani yangu wana afya. Bei ya dona si kubwa kuliko ya sembe, kinachotuzuia ni macho, tunaona weupe ni maendeleo. Maharage, kunde, choroko, mbaazi. Mnasema yanajaza gesi. Ndiyo, ile gesi ni kelele za mtungi kufanya kazi, na ukianza kidogo kidogo wiki mbili tatu inapungua, maana wanaojua kuila wanaongezeka. Kisamvu, mlenda, matembele. Embe bila kulikamua. Mkinunua juisi ya miwa mnakunywa sukari na kumuachia muuzaji yale makapi, wakati kule chini kuna trilioni 38 wanayasubiri yeye aliyoyatupa kwenye ndoo.

Dakika moja kuhusu zile chai. Mdogo wangu wa mwisho alinunua mtandaoni chai ya kukata tumbo, pakiti ina picha ya kiuno cha mwanasesere. Wiki ya kwanza amepungua kilo 3, ananipigia simu kwa furaha. Wiki ya pili anapiga simu amelala sakafuni bafuni. Nikachukua pakiti, nikamwaga majani kwenye karatasi, nikanusa. Sanamaki. Ileile bibi aliyokuwa akitupikia kijiko kimoja tukifunga choo, mara moja, basi. Yeye alikuwa anakunywa kutwa mara mbili. Kilo 3 zilikuwa maji na chumvi za mwili wake, mafuta hayakuguswa, na wale wadudu niliowaeleza jioni nzima aliwasukuma nje kwa mafuriko.

Na antibayotiki. Nawajua. Mafua, unaingia duka la dawa, "Nipe amoksilini za buku." Kikohozi, tena. Tumbo linauma, Flagyl. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Wamarekani waligundua kuku wakichanganyiwa antibayotiki kidogo kwenye chakula wanakua haraka, wakafanya hivyo kwa ng'ombe na nguruwe pia, mpaka Ulaya ikapiga marufuku mwaka 2006. Sisemi amoksilini moja itakunenepesha. Nasema mkulima alikuwa analipa pesa ili mifugo yake ipate kile unachojipa wewe kwa mafua ambayo ni virusi, na antibayotiki haiui virusi.

Wale mtakaobeba mimba, na najua wapo walioanza kuhesabu miezi, msishtuke. Mwaka 2012 walichunguza wanawake 91 wajawazito huko Finland. Bakteria wa miezi mitatu ya mwisho walikuwa tofauti na wa miezi mitatu ya kwanza, na wakipandikizwa kwa panya walimnenepesha zaidi. Mabadiliko hayo yalionekana hata kwa waliokuwa wazima. Mwili wa mama unabana nguvu kwa ajili ya mtoto na kwa ajili ya maziwa, na mtungi unamsaidia. Kwa hiyo kuna kunenepa ambako ni kazi, si kosa. Aliyejifungua juzi akiambiwa na mawifi "umefutuka" aje kwangu nimwandikie cheti.

Haya, maswali. Binti wa kitenge cha bluu.

"Shikamoo Dokta. Ni kweli kiporo hakinenepeshi?"

Marahaba. Nani kakuambia? Mtandao. Kuna ukweli humo. Wali au ugali ukipoa usiku kucha, sehemu ya wanga wake inajipanga upya na kuwa mgumu kusagika, kwa hiyo unapita mpaka kwa bakteria. Ukipasha moto unabaki na kiasi cha ugumu huo. Lakini ni sehemu ndogo. Ukila kiporo sahani mbili kwa sababu umesikia hakinenepeshi, umepiga hesabu vibaya. Na wali usiulaze mezani na joto hili la Dar, kuna bakteria mwingine anapenda wali wa mezani, huyo hatakupunguza mwili polepole, atakupunguza usiku mmoja. Friji, au ule uishe.

"Dokta, zile sindano za Ozempic watu wanazopungua nazo zina uhusiano na haya?"

Swali la kitaalamu hilo. Zina undugu. Zile asidi za bakteria zikigusa seli fulani za utumbo, seli zinatoa homoni ya kumwambia ubongo "tumeshiba". Sindano inaiga mojawapo ya homoni hizo. Tofauti ni kwamba ya kwako inavunjwa ndani ya dakika mbili tatu, ya sindano inakaa wiki. Ndiyo maana maharage hayawezi kufanya kazi ya sindano, na sindano bila daktari sitaki kuisikia kwenye bweni hili. Mama Mlezi ananiangalia. Sawa.

Yule wa mwisho, umenyoosha muda mrefu.

"Mimi natoka Moshi. Nimesikia mbege imefanyiwa utafiti, ni nzuri kwa tumbo. Turuhusiwe?"

Mchaga huyo! Ni kweli, mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Kilimanjaro. Waliotoka vijijini wakapewa chakula cha kizungu wiki mbili, wa mjini wakapewa cha asili, wengine wakanywa mbege wiki nzima. Waliokula kizungu damu yao ilionyesha dalili za vile vita vya chini chini, waliorudi kwenye cha asili na wanywaji mbege zikapungua. Washiriki 77. Wote wanaume. Kwa hiyo, mwanangu, sayansi bado haijakuruhusu wewe, na mimi nimeandika barua mbili kuuliza ni kwa nini kila penye pombe wanakumbukwa wanaume na kila penye kinyesi tunakumbukwa sisi.

Ila togwa haina marufuku. Ikikaa mpaka kesho itakuwa kali, inyweni leo. Vikombe vya Mama Mlezi ni 40 na nyinyi mko zaidi ya 60, walio chumba kimoja wagawane. Wewe wa Sinza, koroga kwanza, unga umeshuka chini.